Barua ya Wazi kuhusu Msikiti wa Bab Berdaine na Misikiti ya Mitaa katika Miji ya Kale ya Morocco

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Wakfu na Mambo ya Kiislamu wa Ufalme wa Morocco, Rabat;
Kwa Mheshimiwa Gavana wa Meknes;
Kwa wasimamizi wa wakfu na wahifadhi wa mji wa kale wa Meknes.

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawaandikia kuomba jambo moja. Naomba watu wanaosali katika msikiti wa mtaa, ndani ya miji yenu ya kale, wapewe haki iliyoandikwa ya kuijua hali ya jengo linalowafunika: lilijengwa lini na nani, limewekewa wakfu gani, lilikaguliwa lini mara ya mwisho na mkaguzi alikuta nini. Na watu hao wakisema kwamba wameona ufa, wajibiwe kwa maandishi kabla ya Ijumaa inayofuata. Kinachonisukuma kuandika ni msikiti wa Bab Berdaine wa Meknes, ambao mnara wake uliwaangukia waumini siku ya Ijumaa, tarehe 19 Februari 2010, ukaua watu 41.

Mimi ni mtu wa Tanga, mmoja wa vijana wengi wa Afrika Mashariki waliokuja kwenu kusoma, wakapokewa vizuri, wakafuturishwa katika nyumba za watu wasiowafahamu, wakarudi makwao na deni la shukrani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kuitolea hoja bila kukwama, na kwa sababu Umoja wa Afrika, ambao Morocco ilirejea ndani yake mwaka 2017, umekifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Naandika pia ili wenzangu wa pwani wasome, kwa kuwa jambo lililotokea Meknes linawahusu hata wao, kama nitakavyoeleza.

Meknes ni mji wa zamani kuliko sifa yake ya kifalme. Watawala wa nasaba ya Wamurabituni walikuta hapo vijiji vya kabila la Miknasa katikati ya mizeituni, nao wakajenga ngome katika karne ya 11. Baadaye wakaja Wamuwahiduni, kisha Wamarini, ambao walijenga madrasa ya Bou Inania karibu na Msikiti Mkuu. Lakini mji unaotambuliwa na dunia leo ni ule wa Moulay Ismail, aliyetawala kuanzia mwaka 1672 hadi 1727 na kuufanya makao yake. Alizungushia kuta za makumi ya kilomita, akajenga maghala, mabwawa, mabanda ya farasi na makasri, na marumaru nyingine aliiagiza ing'olewe katika kasri la El Badi kule Marrakech. Upande wa kaskazini wa mji aliweka lango la Bab Berdaine, lenye minara miwili minene kulia na kushoto, lililopewa jina la mafundi waliokuwa wakishona matandiko ya punda na nyumbu mahali hapo. Nyuma ya lango hilo, ndani ya mtaa wa mafundi hao, ulijengwa msikiti mwaka 1709.

Ujenzi wake unahusishwa na Khnata bint Bakkar, mke wa Moulay Ismail, na hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu bibi huyu anastahili kutajwa kwa kirefu kuliko anavyotajwa kwa kawaida. Alitoka katika makabila ya jangwani, upande wa kusini. Alikuwa msomi wa fiqhi na hadithi, akamsaidia mumewe katika mambo ya utawala, na baada ya kifo cha mumewe, wana wa sultani walipokuwa wakipinduana mmoja baada ya mwingine, yeye ndiye aliyemshika mkono mwanawe Abdallah mpaka akarudi kwenye kiti. Alikwenda kuhiji akiwa na mjukuu wake, ambaye baadaye alitawala kama Sidi Mohammed ben Abdallah, na huko Makka alinunua nyumba akaiweka wakfu. Alifariki mwaka 1754. Mtu wa namna hiyo alipoelekeza mali katika msikiti wa mtaa wa mafundi wa matandiko, hakuwa akijenga fahari. Alikuwa akiwawekea watu wa kazi mahali pa kusali karibu na kazi yao. Simsomi kwa njia nyingine.

Ndiyo maana tofauti kati ya msikiti huu na makasri ya mumewe ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ramani ya watalii. Sehemu kubwa ya maghala ya sultani yaitwayo Heri es-Souani imebaki bila paa, na magofu yake ni mazuri. Mgeni hutembea katikati ya matao, anapiga picha, anaondoka. Ghala linaweza kuwa gofu na bado likawa urithi. Msikiti wa mtaa hauwezi, kwa sababu kila siku mara tano kuna watu chini ya paa lake, na siku ya Ijumaa watu hao ni mamia. Mwaka 1996 UNESCO iliuandika mji wa Meknes katika orodha ya urithi wa dunia, na sifa hiyo inayafunika makasri na misikiti kwa pamoja. Lakini jengo linalotumika linahitaji ulinzi wa aina nyingine kabisa.

Linahitaji ulinzi huo kwa sababu ya vitu lilivyojengwa navyo. Mafundi wa Meknes walijenga kwa matofali, udongo ulioshindiliwa na chokaa, wakaezeka kwa mbao za mierezi ya milima ya Atlas ya Kati, kisha wakafunika kwa vigae vya kijani. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji ili uonekane mpya, unayafungia maji ndani. Kwa nje unaona ukuta mkavu na mweupe, huku kiini chake kikilainika msimu baada ya msimu. Mnara wa mraba, mrefu, mzito, uliosimama juu ya msingi wa namna hiyo, hauhitaji tetemeko ili uanguke. Inatosha majira ya baridi yenye mvua nyingi. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili kwa uchungu, maana mawe ya matumbawe na chokaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yana tabia hiyohiyo, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo kila mtu alijua kuwa ni bovu, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu.

Ijumaa ile ya Februari 2010 ilikuja baada ya siku za mvua kubwa. Waumini wapatao 300 walikuwa ndani, imamu akiwa anakaribia kuanza hotuba, mnara ulipoangukia ukumbi wa sala. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba kiasi kwamba mashine hazikuweza kupita, kwa hiyo majirani na waokoaji walifukua kwa mikono. Hesabu ya waliofariki ilipanda mpaka 41, na makumi walijeruhiwa. Baadhi ya wakazi waliwaambia waandishi wa habari kwamba nyufa zilikuwa zimeonekana kwenye mnara kabla ya siku ile. Mfalme Mohammed VI aliamuru msikiti ujengwe upya haraka kwa kufuata umbo lake la asili, na ukaguzi wa misikiti ya zamani ukafanywa nchi nzima. Ndani ya mwaka huohuo serikali ilitangaza kuwa zaidi ya misikiti 1,200 ingefungwa kwa kuwa haikuwa salama, na kwamba mamia kati yake ingebomolewa na kujengwa upya.

Waheshimiwa, sikuandika barua hii kudai kwamba hamkufanya kitu. Ukaguzi ule ulikuwa mkubwa, na kuufunga msikiti ni uamuzi mgumu ambao viongozi wengi wangeukwepa. Ninachouliza ni nani anayeshika kumbukumbu ya msikiti baada ya wakaguzi kuondoka.

Zamani jibu lilikuwa wazi. Msikiti wa mtaa ulikuwa na nadhiri wake, sisi tungemwita mtawalli, mtu aliyefahamika kwa jina na kwa nyumba. Chini ya mkono wake kulikuwa na mali ya wakfu: kodi ya duka hili, sehemu ya pato la tanuri lile, mizeituni kadhaa nje ya ukuta, chumba fulani katika hamamu. Mali hizo ziliandikwa katika madaftari ya wakfu, na pato lake lilinunua mafuta ya taa na mikeka, likamlipa imamu, mwadhini na wasomaji wa hizbu, yaani sehemu moja kati ya sitini za Qurani, likatengeneza bomba la maji ya udhu. Tena fiqhi ya Kimaliki, ambayo ndiyo madhehebu yenu kwa karne nyingi, inasema wazi kwamba pato la wakfu huanza na matengenezo ya mali yenyewe, kiasi kwamba hata aliyeweka wakfu akishurutisha watu walipwe kwanza na jengo lisubiri, sharti lake halifuatwi. Wanazuoni walioweka kanuni hiyo walielewa kwamba paa likianguka hakuna imamu wa kulipwa wala muumini wa kusalishwa.

Utaratibu huo haukuwa safi wakati wote. Masultani waliingilia, manadhiri wengine walikula mali, na ndiyo sababu watawala kadhaa walitaka kuuweka chini ya macho yao. Lakini badiliko kubwa lilikuja na utawala wa Kifaransa mwaka 1912, ambapo wakfu wa nchi nzima uliwekwa chini ya idara moja ya makao makuu, na baada ya uhuru idara hiyo ikawa wizara yenu. Faida zake ni za kweli. Msikiti maskini usio na duka hata moja hupata imamu na umeme sawa na msikiti tajiri. Hasara yake ni kwamba fundi, fedha na uamuzi viliondoka mtaani, na kilichobaki mtaani ni macho tu. Mzee anayefika kabla ya alfajiri kila siku na kuegemea nguzo ileile ataona mchanga umedondoka chini ya dari kabla ya mhandisi yeyote. Lakini mzee huyo hana daftari, na maneno yake yakitoka kinywani hayana mahali pa kukaa.

Kuna jambo jingine linalofanya macho hayo yawe ya thamani kubwa zaidi nchini mwenu kuliko kwingine. Tangu enzi za Lyautey, mwakilishi mkuu wa kwanza wa utawala wa Kifaransa, misikiti ya Morocco, isipokuwa michache, haiingiwi na wasio Waislamu. Siutilii shaka utaratibu huo. Nataja matokeo yake: msanifu majengo wa kigeni anayezunguka Meknes, mtafiti wa chuo kikuu cha Ulaya, mpiga picha wa majarida, wote huishia mlangoni. Kasri likipata ufa, ulimwengu utauona. Dari ya msikiti wa kichochoroni ikipinda, watakaoiona ni wanaosali tu. Kama hao hawana haki ya kusikilizwa, hakuna shahidi mwingine.

Nilipokuwa Meknes nilipenda kusali magharibi katika misikiti midogo ya mji wa kale na kubaki baada ya sala, wakati kundi linaposoma hizbu kwa sauti moja, kwa kisomo cha Warsh, hizbu moja jioni na nyingine alfajiri, hata Qurani nzima ikaisha katika mwezi. Sauti ile sikuisikia kwetu, kwa kuwa sisi husoma kwa namna nyingine, na kwangu ndiyo historia hasa ya msikiti wa mtaa: watu walewale, au watoto wao, wakiendelea pale waliotangulia walipoachia. Katika msikiti mmoja wapo niliwauliza wenyeji ulijengwa lini. Kila mmoja alijibu kwa moyo wote, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Ukutani kulikuwa na mstari mrefu wa saruji ya kijivu juu ya chokaa ya zamani. Niliuliza ni nini. Nikaambiwa kwamba palikuwa na ufa, ukazibwa. Na nani, lini, ufa uliendelea au ulikoma, hakuna aliyejua. Hapakuwa na uzembe kwa watu wale, maana walikuwa wakiufagia na kuufukiza msikiti wao udi kama nyumba ya bibi harusi. Hawakuwa wamepewa kitu cha kushika.

Kwa hiyo ninapoomba daftari, naomba kitu chenye umbo. Kila msikiti wa mji wa kale uwe na daftari lake, nakala moja kwenye ofisi ya wakfu ya mji na nakala moja msikitini, mahali ambapo yeyote anayesali anaweza kuifungua. Ndani yake iandikwe historia ya msikiti kama inavyothibitishwa na madaftari ya zamani ya wakfu, ambayo nchi yenu imebahatika kuyahifadhi kwa karne nyingi na ambayo watafiti huyasoma kwa heshima, lakini ambayo watu wa mtaa husika hawayaoni. Iandikwe mali ya wakfu ya msikiti huo, ile iliyobaki na ile iliyopotea. Yaandikwe matengenezo yote: mwaka, fundi, kama ilitumika chokaa au saruji, kama mbao ni mierezi au ni za kigeni. Na iambatanishwe ripoti ya ukaguzi wa mwisho kwa Kiarabu kinachoeleweka na mtu asiye mhandisi. Penye ufa, mkaguzi aubandikie kipande cha plasta au kioo chenye tarehe, kama mafundi wafanyavyo tangu zamani. Kikipasuka, mtoto wa shule ya Qurani atajua kwamba ukuta umesogea, naye atamwambia imamu.

Sheria ya kufanya hivyo haihitaji kubuniwa upya. Mudawana ya Wakfu, yaani mkusanyiko wa sheria za wakfu, ilitolewa kwa amri ya kifalme iitwayo dhahiri ya tarehe 23 Februari 2010, siku nne baada ya mnara wa Bab Berdaine kuanguka. Najua iliandaliwa kwa muda mrefu kabla ya hapo na kwamba kukaribiana kwa tarehe ni kadari tu. Hata hivyo sheria hiyo iliunda baraza la juu la kusimamia fedha za wakfu wa umma, na kwa hiyo ilikwisha kukubali kwamba wakfu unapaswa kuhesabiwa mbele ya macho mengine mbali na ya wizara. Ninachoomba ni macho hayo yashuke mpaka mtaani, na kwamba fedha za wakfu zisihesabiwe peke yake. Kuta nazo zihesabiwe.

Kuhusu misikiti iliyofungwa, naomba neno fupi. Mtaa wa mji wa kale husimama juu ya vitu vitano: msikiti, hamamu, tanuri la mkate, bomba la maji na shule ya Qurani. Msikiti ukifungwa na bango likawekwa bila tarehe, wazee huhamia kusali mbali, au nyumbani. Wasomaji wa hizbu hutawanyika. Na baada ya miaka michache hata jengo likikamilika, kundi lililokuwa likilijaza halipo tena. Bango la kufunga liwe na sababu, jina la ofisi inayohusika na tarehe inayotarajiwa ya kufungua. Hilo halina gharama.

Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 limeongeza haraka ya jambo hili. Liliua karibu watu 3,000, wengi wao katika vijiji vya Atlas ya Juu. Liliangusha mnara wa msikiti wa Kharbouch katika uwanja wa Jemaa el-Fna mjini Marrakech, na sehemu kubwa ya msikiti wa Tinmal, wa karne ya 12, uliokuwa katikati ya ukarabati. Hivi sasa mafundi na fedha nyingi za nchi vinaelekezwa kwenye ujenzi mpya, na ndivyo inavyostahili. Wakati huohuo kila msikiti unaojengwa upya bila daftari unaanza maisha yake kwa kusahau, na mtaalamu wa mwaka 2100 atabaki kukisia kama tunavyokisia sisi.

Mna mfano wenu wenyewe wa thamani ya kuandika mambo madogo. Mwaka 1331 mtu wa Tangier, Ibn Battuta, alifika Mombasa akielekea Kilwa. Hakutuachia maelezo ya fahari ya wafalme wa Mombasa. Alieleza kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri. Kwamba kwenye mlango wa kila msikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili visivyo na kina kirefu, na maji yakitekwa kwa chombo cha mbao chenye mpini. Kwamba aliyetaka kuingia aliosha miguu yake na kuifuta kwenye kipande cha mkeka mnene pale mlangoni. Maelezo hayo aliyatoa Fez, yakakamilika kuandikwa mwaka 1355 kwa amri ya Sultani Abu Inan, yuleyule ambaye jina lake limo katika madrasa ya Bou Inania ya Meknes. Misikiti ile ya mbao haipo hata mmoja. Tunaijua kwa sababu Mmoroko aliona kwamba kisima na mkeka wa msikiti wa kawaida vinastahili kuandikwa, na sultani wa Morocco akaona kuwa vinastahili kuhifadhiwa. Nchi iliyotuhifadhia sisi historia ya misikiti yetu ya mitaa haishindwi kuhifadhi ya kwake.

Mwisho, naomba kwa ajili ya msikiti wa Bab Berdaine wenyewe. Katika daftari lake, baada ya mwaka 1709 na jina la Khnata bint Bakkar, pawe na ukurasa wa tarehe 19 Februari 2010, na katika ukurasa huo, kwa ridhaa ya familia zao, yaandikwe majina ya watu 41 na kazi walizokuwa wakifanya. Iandikwe pia ni nini kilichopatikana katika uchunguzi wa mnara, kwa maneno ya kawaida, ili waumini wa msikiti mwingine wowote wa Meknes, Fez, Salé au Tetouan wanaotazama mnara wao baada ya mvua wajue dalili za kutafuta. Na ofisi ya wakfu ya Meknes iwe ya kwanza kupokea taarifa ya ufa kwa maandishi, kuipiga muhuri na kumpa mwenye kuileta nakala yake.

Nawaombea tawfiki katika amana mliyoibeba, na nawaombea rehema waliofariki.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Aliyekuwa mwanafunzi Meknes,
Tanga, Tanzania.